Nyumba ya Mfasiri na Jukwaa la Wanafunzi: Tawasifu za Waliosoma Alliance na Historia ya Tamthilia ya Kiswahili

Tangu mwanzoni mwa karne hii, watu kadhaa waliosoma katika Shule ya Upili ya Alliance, iliyoko Kikuyu nchini Kenya, wamechapisha tawasifu zao. Duncan Ndegwa alitoa Walking in Kenyatta Struggles mwaka 2006. Benjamin Kipkorir alifuata na Descent from Cherang'any Hills mwaka 2009. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alichapisha In the House of the Interpreter mwaka 2012. Kwa kawaida vitabu vya aina hii husomwa kama ushahidi wa siasa na historia. Makala hii inavisoma kwa swali jingine: vinamsaidia vipi mtafiti wa fasihi ya Kiswahili, na vinamficha nini?

Swali hilo lina msingi wake. Kati ya mwaka 1954 na 1957 wanafunzi wa Alliance walitunga na kuigiza tamthilia nne za Kiswahili: Nakupenda Lakini ya Henry Kuria, Maisha ni Nini ya Kimani Nyoike, Nimelogwa Nisiwe na Mpenzi ya Gerishon Ngugi, na Atakiwa na Polisi ya B. M. Kurutu. (Gerishon Ngugi si Ngũgĩ wa Thiong'o, mtafiti anayepekua katalogi za maktaba asiwachanganye.) Hizi ni miongoni mwa tamthilia za mwanzo kabisa za Kiswahili zilizoandikwa na Waafrika nchini Kenya. Hata hivyo, historia iliyozoeleka madarasani huzipitia kwa sentensi moja au mbili, kisha huharakisha kumfikia Ebrahim Hussein na Kinjeketile yake ya mwaka 1969. Zinapotajwa, aghalabu huwekwa kapu moja na Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu za Graham Hyslop, zote za mwaka 1957, na kuitwa vichekesho vya shule. Hoja ya makala hii ni kwamba hukumu hiyo imetolewa bila muktadha, na kwamba muktadha huo sasa unapatikana katika tawasifu za waliosoma hapo, ijapokuwa tawasifu zenyewe, kwa lugha zilizoichagua na kwa umbo lake, zimeshiriki kuzisukuma tamthilia hizo pembeni.

Alliance ilifunguliwa mwaka 1926 kwa ushirikiano wa madhehebu ya Kiprotestanti. Mwalimu mkuu wake wa kwanza alikuwa G. A. Grieves. Aliyeipa sura inayokumbukwa ni Carey Francis, mwanahisabati kutoka Cambridge, aliyefundisha kwanza Maseno kisha akaiongoza Alliance kuanzia 1940 hadi 1962. Kipkorir aliyajua haya kwa njia mbili. Alikuwa mwanafunzi wa shule hiyo, na mwaka 1969 alikamilisha katika Chuo Kikuu cha Cambridge tasnifu ya uzamivu iliyoichunguza Alliance kama chimbuko la tabaka la wasomi wa Kenya. Miaka 40 baadaye, akiwa amekwisha kuongoza benki kubwa na kuwa balozi Washington, aliandika tena, safari hii kwa nafsi ya kwanza. Kwa mhakiki, jozi hiyo ni adimu: mtu mmoja, shule moja, na tanzu mbili. Tasnifu inaieleza shule kama taasisi inayozalisha tabaka. Tawasifu inamrudisha ndani ya tabaka hilo yule aliyelichunguza. Kitabu cha Ndegwa kina uzito mdogo zaidi kwa mada yetu. Gavana huyo wa kwanza Mwafrika wa Benki Kuu ya Kenya anaandika hasa juu ya dola na utawala wa Kenyatta, na katika masimulizi ya aina hiyo shule huwa ngazi: mtu huipanda, akaiacha nyuma.

Kwa Ngũgĩ, shule si ngazi. Ni fumbo ambalo kitabu kizima kinajaribu kulifumbua. Jina la kitabu limetoka katika safari ya Msafiri wa John Bunyan, ambamo msafiri huingia katika nyumba ya Mfasiri, akaonyeshwa picha na matukio, na kuelezwa maana yake kabla ya kuendelea na njia. Uteuzi wa jina hilo ni wa kihakiki tayari. Unaiita shule mahali ambapo mwingine hukufasiria dunia yako, na unamwachia msomaji swali ambalo Bunyan hakukusudia: ni nani aliyempa Mfasiri mamlaka ya kufasiri?

Jibu linajengwa kwa tukio moja la mapema. Ngũgĩ aliingia Alliance mwaka 1955, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Alipomaliza muhula wa kwanza alirudi kwao akakuta makazi aliyoyaacha hayapo. Nyumba zilikuwa zimebomolewa na watu kuhamishiwa katika kijiji kipya chini ya ulinzi wa serikali. Kaka yake, Wallace Mwangi, alikuwa amejiunga na wapiganaji wa msituni. Kuanzia hapo masimulizi yanakwenda kwa mwendo wa pande mbili: ndani ya ua wa shule kuna sala, hisabati, gwaride na Shakespeare, nje ya ua kuna vizuizi, askari na vijiji vilivyozungushiwa uzio. Sare ya shule ndiyo kibali cha kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mwandishi anaithibitisha thamani ya kibali hicho kwa kukiondoa: mwaka 1959, akiwa amekwisha kumaliza masomo, anakamatwa na polisi, anawekwa mahabusu na kushtakiwa, kabla ya mahakama kumwachilia na yeye kwenda Makerere. Huu ndio ufundi wa kitabu ambao wenzake wawili hawaufikii. Ukosoaji wa shule haufanywi kwa hotuba, bali kwa mpangilio wa matukio.

Sasa turudi kwenye jukwaa. Katika Decolonising the Mind (1986) Ngũgĩ anaeleza kwamba kila mwaka Alliance iliigiza tamthilia moja ya Shakespeare. Kati ya 1955 na 1958 aliziona As You Like It, sehemu ya kwanza ya Henry IV, King Lear na A Midsummer Night's Dream. Kitabu hichohicho kinazitaja zile tamthilia nne za Kiswahili, na kinaeleza kwamba wanafunzi walizipeleka nje ya shule, hadi Nakuru, mji uliokuwa kitovu cha eneo la walowezi. Tatu kati ya hizo nne zilitungwa yeye mwenyewe akiwa mwanafunzi hapo. Palikuwapo, basi, majukwaa mawili katika shule moja. La Shakespeare lilikuwa sehemu ya ratiba na fahari ya taasisi. La Kiswahili lilitokana na juhudi ya wanafunzi, na hadhira yake ilikuwemo ile isiyoweza kuingia katika nyumba ya Mfasiri hata kidogo.

Tukizisoma tamthilia hizo tukiwa na tukio la kijiji kilichobomolewa mbele yetu, swali la uhakiki hubadilika. Badala ya kuuliza kwa nini wanafunzi waliandika juu ya mapenzi, ulozi na polisi ilhali nchi inaungua, tunauliza nini kingeweza kusemwa hadharani, kwa lugha inayoeleweka na wengi, katika miaka ambayo kijana wa Kikuyu alihitaji kibali hata cha kusafiri. Chukua jina Atakiwa na Polisi peke yake. Mwaka 1957, kwa watazamaji wa Kenya ya Kati na Bonde la Ufa, hilo halikuwa jina la kuchekesha tu. Sidai kwamba Kurutu alificha ujumbe wa msituni ndani ya kichekesho. Dai la namna hiyo lingehitaji ushahidi ambao jina la kazi halitoshi kuutoa. Ninadai kwamba kicheko chenyewe kilikuwa mojawapo ya njia chache za usemi wa hadhara zilizobaki wazi, na kwamba mhakiki anayekiita kicheko hicho utoto wa sanaa anapima kazi za miaka ya dharura kwa kipimo cha miaka ya uhuru.

Hapa pana ugumu ambao wasomaji wa Ngũgĩ hawapaswi kuukwepa. Mwandishi aliyetangaza mwaka 1986 kwamba anaagana na Kiingereza katika maandishi yake aliandika tawasifu zake, kuanzia Dreams in a Time of War (2010) hadi Birth of a Dream Weaver (2016), kwa Kiingereza hichohicho, ingawa riwaya zake za kipindi hicho zilitoka kwanza kwa Kikuyu. Riwaya ilirudi nyumbani; kumbukumbu ya shule ikabaki katika lugha ya shule. Hili halimwondolei mwandishi heshima, lakini lina matokeo: msomaji anayeijua Alliance kupitia tawasifu pekee ataikumbuka kama nyumba ya Kiingereza, iwe kwa kuisifu au kuilaani. Kosa jingine linalofanana na hilo hujitokeza mara kwa mara katika mijadala, pale adhabu ya kuvishwa kibao cha fedheha kwa kosa la kuzungumza Kikuyu inapohamishiwa Alliance. Ngũgĩ anaiweka katika shule ya chini, baada ya serikali kuzitwaa shule za wazalendo. Alliance haikuhitaji kibao. Wanafunzi waliofika hapo walikuwa wamekwisha kuchujwa kwa mtihani ambao Kiingereza kilikuwa mlango wake.

Wapo watakaosema kwamba tamthilia ya umma ya Ngũgĩ haina deni kwa vichekesho vya Alliance, na kwamba ilianza Kamĩrĩthũ mwaka 1977, wakati Ngaahika Ndeenda, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kama Nitaolewa Nikipenda, ilipoigizwa na wakulima na wafanyakazi hadi serikali ilipofuta kibali chake. Kimaudhui pingamizi hilo lina nguvu: hakuna njia ya moja kwa moja kutoka kilio cha mpenzi aliyelogwa hadi mgogoro wa ardhi ya Kĩgũũnda. Lakini tamthilia si maudhui peke yake. Kuchagua lugha ya hadhira badala ya lugha ya cheti, kuitoa kazi nje ya ua wa taasisi, na kumfanya mtunzi awe mmoja wa kundi badala ya bwana wake, yote hayo vijana wa Alliance walikuwa wameyafanya miaka 20 kabla, na mwenzao aliyekuwa akiyaona akatoka kijiji kilekile cha Kamĩrĩthũ ambacho jukwaa la wazi lilijengwa baadaye.