Choo Halisi Mbele ya Maikrofoni

Wapenzi wa filamu za Jean Renoir huanza na La Grande Illusion au La Règle du jeu. Wakifika kwenye On purge bébé ya mwaka 1931, hupita upesi: hiyo ni tamthilia tu, wanasema, imewekewa kamera mbele. Ni kweli imetokana na tamthilia, ya Georges Feydeau, iliyoandikwa mwaka 1910. Lakini ndiyo filamu ya kwanza ya Renoir yenye sauti, na ni ya kusikilizwa zaidi kuliko kutazamwa.

Follavoine, mtengenezaji wa kaure, anataka kuliuzia jeshi la Ufaransa poti za kukojolea zisizovunjika. Afisa anayeweza kumpatia zabuni hiyo, Chouilloux, kaja nyumbani. Wakati huohuo mke wa Follavoine, bado na nguo za kulalia, anahangaika na mtoto aliyegoma kunywa haluli. Poti inarushwa ili mgeni ashuhudie. Inavunjika. Ya pili nayo vilevile.

Kamera za siku zile zilinguruma, ikabidi zifunikwe ili maikrofoni isinase mngurumo wake, na kuchanganya sauti baadaye ilikuwa taabu. Waigizaji wakanaswa sauti papo hapo. Renoir aliwaacha wabishane kwa shoti ndefu, mikato michache. Wapo wanaouita mtindo huo uvivu. Mimi nauona ni uamuzi. Kichekesho cha Feydeau hukimbia kwa ulimi: Marguerite Pierry, anayeigiza mke, anafoka, Michel Simon, anayeigiza Chouilloux, anatafuta pa kuchomeka neno asipate, na kicheko kimo katika kule kukosa. Ungekata picha kila mmoja anapojibu, pumzi hiyo ingepotea.

Halafu kuna choo. Studio zilizoea kuigiza kelele kwa vifaa vya kubuni. Renoir anasimulia katika kumbukumbu zake kwamba alinasa choo halisi, mnyororo ukavutwa, maji yakaporomoka, na kelele hiyo ikampandisha hadhi machoni pa wakubwa wa studio.

Filamu ilipigwa kwa siku chache, kwa gharama ndogo, ikiwa mtihani wa watayarishaji Braunberger na Richebé. Renoir akafaulu, wakamkabidhi filamu ya La Chienne mwaka huohuo. Akaipeleka maikrofoni Montmartre, mtaani kwenyewe, akaacha makelele ya barabarani yaingie katika mazungumzo ya waigizaji.