Kumtambua Fundi wa Dizeli

Atokaye Kisumu kwa barabara ya Busia, akaupita uwanja wa ndege na ziwa likimeta mkono wake wa kushoto, hufika Otonglo baada ya mwendo mfupi; na ikiwa chombo anachokiendesha ni pikapu ya dizeli yenye mazoea ya kuishiwa nguvu na kuzima njiani, basi na asimame hapo, kwani mbele yake iko Kisian, na ukiisha kupita Kisian barabara yaanza kupanda kuelekea Maseno penye mstari wa Ikweta, zaidi ya mita 300 juu ya usawa wa ziwa, na mpando ule humfedhehesha kila mwenye injini mgonjwa mbele ya malori yaendayo Uganda.

Mafundi hawakosekani kandokando ya njia hiyo. Taabu iko katika kumtambua aliye fundi kweli. Seremala hupimika kwa kidole: papasa kiungo cha meza yake, utajua. Mshonaji hupimika kwa jicho. Lakini kazi ya fundi wa dizeli imesitirika ndani ya chuma, na mwenye gari huondoka na muungurumo masikioni na risiti mkononi, asijue kama ametibiwa au amepunjwa. Nami kwa kuwa nimelipa mara mbili kwa maradhi mamoja, napenda kumpa msomaji mizani niliyoipata kwa gharama.

Mizani ya kwanza ni maswali. Fundi mahiri hafungui boneti kabla ya kumhoji mwenye gari kama tabibu amhojivyo mgonjwa. Mzee mmoja wa Otonglo, ambaye mafuta yalikuwa yamekolea hata katika mikunjo ya vidole vyake, aliketi juu ya gurudumu kuukuu akaniuliza, “Mwalimu, ikizima, huzima ghafla kama taa, au huanza kwa kukohoa?”

“Hukohoa, mzee.”

“Na ukingoja kidogo, huwaka tena?”

Nikamwambia kwamba huwaka baada ya dakika kumi hivi, kana kwamba haikuwahi kuugua.

“Na tangi huwa limejaa, au limepungua?”

Swali hilo la tatu hakuna aliyekuwa amenitupia kabla yake, na kila moja katika yale matatu lilikuwa na kazi yake. Inayozima ghafla kama taa hushukiwa waya wa umeme unaoifungulia pampu mafuta. Inayokohoa kwanza hushukiwa njaa ya mafuta. Na ile iwakayo tena ikiisha kupumzishwa hushukiwa kizuizi kinachokuja na kuondoka, na swali la tangi hutafuta kama kizuizi hicho kimo humo.

Asili ya hayo ni maumbile ya injini yenyewe. Tangu Rudolf Diesel alipofaulu kuiendesha injini yake mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, kanuni haijabadilika: hapana plagi ya kutoa cheche, bali hewa hugandamizwa hata ikapata joto la kuyawasha mafuta kwa nguvu zake yenyewe. Injini iwakayo vyema asubuhi, ikaenda kilomita kadhaa, kisha ikakata pumzi, aghalabu haijapoteza mgandamizo wake. Imenyimwa mafuta, au imenyimwa hewa. Kwa hiyo fundi ajuaye huanza nyuma kwenye tangi, akaifuata njia ya mafuta kwenda mbele, kituo baada ya kituo, ilhali asiyejua huanza mbele kwenye pampu na nozo, ambazo ndizo za thamani kubwa, akarudi nyuma pesa za mwenye gari zinapokwisha.

Mtazame mikono. Injini ikiisha kuzima, kitendo chake cha kwanza na kiwe kukifungua kifuniko cha tangi huku ameinamisha sikio. Akisikia tangi likivuta pumzi kwa mluzi, atajua kwamba kitundu cha hewa cha kifuniko kimeziba, na kwamba mafuta yalikuwa yakivutwa kutoka chomboni mwao bila hewa ya kujaza mahali pake. Kisha huibonyeza ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta, nayo humpa habari bayana: ikibaki chini isipande upesi, kizuizi kiko upande wa tangi, ikiwa laini muda wote, isikazike hata ikibonyezwa mara nyingi, hewa yaingia mahali fulani. Hapo mjinga hutafuta tone linalovuja, asilione, akasema paipu ni nzima. Mahiri anajua kwamba katika magari mengi ya zamani sehemu hiyo ya njia huvutwa wala haisukumwi, hata ufa mwembamba wa mpira huweza kunyonya hewa bila kutoa tone. Basi hufunga kipande cha mpira mweupe unaopenya nuru baina ya filta na pampu, akaiwasha injini, akachutama. Nimeyaona mapovu yale kwa macho yangu katika gari la jirani, madogo kama punje za mtama, yakipita moja moja, kisha kwa makundi, na injini ikaanza kutetemeka.

Moshi nao ni shahidi, ila shahidi wa kuhojiwa kwa hadhari. Mweusi husema mafuta yamezidi hewa, hivyo tazama filta ya hewa na mipira yake. Mweupe husema mafuta hayakuungua sawasawa. Wa buluu husema oili inaungua. Gari linalokufa njaa ya mafuta huenda lisitoe moshi wa kutajika kabisa, na kutokuwapo huko ni dalili vilevile.

Fundi mwaminifu huyamimina mafuta ya filta katika chupa ya kioo mbele yako, akayaacha yatulie, maji yakajitenga chini. Huyanusa pia. Uovu wa kuichanganya dizeli na mafuta ya taa ulienea Kenya hata serikali ikaweka mwaka 2018 ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili faida ya mchanganyaji iondoke. Na sababu ya kuogopwa kwake ni kwamba mafuta ya taa hayana utelezi wa kuilinda pampu, ambayo hulainishwa na mafuta yayo hayo iyasukumayo.

Kwa pikapu za kisasa zinazoongozwa na kompyuta nina onyo moja. Akija mtu na spana akataka kulegeza paipu za nozo injini ikinguruma, kama walivyozoea kwa injini za zamani, mzuie hima: mgandamizo wa humo hupita bari 1,000, na mchirizi wake hupenya ngozi. Na akija na mashine ya kusoma hitilafu, akakuonyesha kwamba mgandamizo wa mafuta umeshuka, hajakwambia bado sababu ya kushuka. Filta ya bei nafuu iliyoziba huandika maneno yale yale yaandikwayo na pampu iliyokufa.

Nimeiweka mwisho mizani iliyo kubwa kuliko zote, nayo ni yakini. Fundi wangu wa kwanza, mahali pengine, alinibadilishia nozo zote nne, akanikabidhi ufunguo kwa fahari, na siku ya tatu gari likazima. Mzee wa Otonglo hakubadilisha kitu. Aliufunga mtungi safi wa dizeli nyuma ya kibanda cha dereva, akauelekeza mpira wake kwenye filta, tangi likawekwa kando, tukapanda hadi Maseno na magunia manne ya mchanga mgongoni, na injini haikukohoa. Nilipotaka kumshukuru alikataa. Alilirudisha tangi njiani, tukapanda tena, na kabla ya kufika juu pikapu ikafa kando ya barabara, naye akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile, kwa kuwa maradhi yalikuwa sasa yanamtii: akiyafukuza yanakwenda, akiyaita yanakuja. Tuliporudi alilishusha tangi, akatoa kwa waya kipande cha nailoni kipana kama kiganja cha mtoto. Kilikuwa kikivutwa hadi kikaziba mdomo wa paipu, na injini ikizima mvuto ulikoma, kikajiendea zake.

Alinitoza ujira wa siku moja. Hapakuwa na kifaa cha kuandika katika risiti, na najua wengi wetu huona tabu kulipia kazi isiyoacha kitu kipya chini ya boneti. Ndiyo maana mafundi wengine wamejifunza kutuuzia nozo. Nakusihi, ndugu msomaji, ukimpata fundi awezaye kuyaita maradhi na kuyafukuza mbele ya macho yako, umlipe saa zake za kutafuta kwa ukamilifu, hata kama gari lako limeondoka na vyuma vile vile lilivyokuja navyo.