Kosa Linalojulikana

Nyaya za nyumba mpya zikishatandazwa, fundi umeme hupaswa kupima vihami vyake kabla ya kuwasha: husukuma volti 500 za DC kati ya nyaya na ardhi, kisha husoma ukinzani. Kwa mfumo wa volti 230, kiwango cha kimataifa kinataka ukinzani huo usipungue megaomu 1. Tuseme kifaa kinaonyesha 1.04. Nyumba imefaulu. Lakini kama kifaa hicho huzidisha kwa asilimia 8, ukinzani wenyewe ni karibu 0.96, na nyumba imefeli bila mtu kujua. Muuza sukari akipunja, mteja huenda kupima tena duka la pili. Usomaji wa umeme hauonekani kwa macho wala haupimiki kwa mkono, na fundi hana pa kuurudisha ila kwa mtaalamu wa ugezi, yaani uhakiki wa vifaa vya kupimia.

Wengi hudhani kazi ya mtaalamu huyo ni kutengeneza kifaa kiwe sahihi. Sivyo. Kazi yake ni kukilinganisha na kipimo kinachoaminika zaidi na kuandika tofauti aliyoiona. Muhuri wa Wakala wa Vipimo kwenye mizani ya duka husema ndiyo au hapana. Cheti cha ugezi husema jambo gumu zaidi: kwenye volti 10 kifaa hiki kimezidi kwa kiasi hiki, na sisi tunaosema hivyo tunaweza kukosea kwa kiasi hiki. Sijui ufundi mwingine unaomtaka mtendaji wake aambatanishe, kwa tarakimu, shaka yake mwenyewe kwenye kila neno analouza. Hapo ndipo ninapoona utukufu wake: hauahidi usahihi, huahidi kosa linalojulikana.

Ndiyo maana ustadi wake mkubwa mara nyingi ni kujizuia. Kifaa kinapofika maabara, husomwa kwanza jinsi kilivyo, kabla ya kuguswa. Kikiwa ndani ya mipaka yake, mtaalamu mzuri hukiacha, hata kama angeweza kukisogeza karibu zaidi na sifuri. Kila marekebisho hukata historia. Vipimo rejea vya volti 10 vinavyotumia dayodi za Zener husogea polepole kadiri vinavyozeeka. Vyeti vya miaka kadhaa vikipangwa pamoja, mwendo huo huonekana kama mstari, na mtu anaweza kukadiria leo kifaa kiko wapi bila kukipeleka popote. Anayekisahihisha kila mwaka kwa nia njema huufuta mstari huo.

Msomaji anayefuata sayansi atauliza: je, maumbile hayajatupa volti isiyozeeka? Yametupa. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 volti ililindwa na seli ya Weston, iliyobuniwa 1893 kwa zebaki na kadimi, yenye volti 1.0183 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, dhaifu kiasi kwamba kuitikisa au kuitoza mkondo ni kuiharibia utulivu. Kisha mwaka 1962 Brian Josephson, mwanafunzi wa Cambridge mwenye umri wa miaka 22, akabashiri kwamba kiungo chembamba kati ya vipitishi-kamili viwili kinaweza kugeuza masafa kuwa volti kwa uwiano usiotegemea aliyekitengeneza. Tangu 20 Mei 2019 uwiano huo una thamani kamili, kwa kuwa vizio vya kimataifa vimefungwa kwenye namba zisizobadilika za maumbile. Lakini kiungo kimoja kikipigwa mawimbi ya gigahezi 70 hutoa takriban maikrovolti 145 tu, hivyo maelfu ya viungo huunganishwa na kuzamishwa kwenye heli ya kimiminika. Na kutoka hapo hadi kwenye mita ya fundi kuna waya. Shaba safi ikikutana na shaba safi, tofauti ya nyuzi moja ya joto huzaa chini ya maikrovolti 0.2, lakini shaba iliyoota kutu inaweza kuzaa maikrovolti 1,000. Joto la vidole vilivyokaza skurubu linatosha kuharibu usomaji. Kwa hiyo mtaalamu husafisha ncha, hukaza, husubiri, husoma, hugeuza chanya na hasi, husoma tena, na huchukua wastani ili volti ya joto ijifute yenyewe. Fizikia haimfanyii hayo.

Hoja ya gharama, kwamba ugezi haustahili bei yake, ni nzito zaidi, na anayeitoa ana haki kwa sehemu. Anayetaka kujua tu kama waya una umeme hahitaji cheti. Anahitaji kukijaribu kifaa chake kwenye umeme unaojulikana kabla na baada ya kupima. Tena stika ya kijani yenye tarehe, inayobandikwa kwenye kifaa baada ya ugezi, imeuharibia ufundi huu jina: mkaguzi huitazama stika, cheti hubaki kwenye faili, na namba zilizolipiwa hazisomwi na mtu. Hata ule muda wa mwaka mmoja kati ya ugezi na ugezi ni mazoea. Kiwango cha ISO/IEC 17025 cha 2017 kinaikataza maabara kupendekeza kwenye cheti au lebo muda wa ugezi ujao, isipokuwa imekubaliana na mteja, kwa sababu anayejua kifaa kinabebwa kwenye pikipiki au kinakaa kabatini ni mwenyewe. Mwenye vyeti vitatu vinavyoonyesha mita isiyosogea anaweza kurefusha muda na kuokoa fedha. Mwenye stika tatu hana cha kuamulia.