"Mjusi" wa Tendaguru: Maana ya Neno na Uzito wa Dai

Katika mjadala kuhusu mabaki yaliyochimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya 1909 na 1913 na kupelekwa Berlin, Watanzania wamezoea kumtaja "mjusi" au "mjusi mkubwa". Uhakiki huu unadai kwamba matumizi hayo yana kasoro mbili za kisemantiki, na kwamba ya pili ndiyo yenye madhara.

Kasoro ya kwanza ni ya uainishaji. Istilahi ya dinosauri, iliyoasisiwa na Richard Owen mwaka 1842, ina mzizi wa Kigiriki wenye maana ya mjusi. Hata hivyo, etimolojia ya neno si maana yake: ndege ni wazao wa dinosauri, mijusi sio. Aidha, kwa Mswahili mjusi ni kiumbe mdogo, mfano wa mjusi kafiri wa ukutani. Watambaazi wakubwa wana majina yao, kama kenge na mamba. Kivumishi "mkubwa" kinajaribu kuziba pengo lililofunguliwa na nomino yenyewe.

Kasoro ya pili ni ya idadi. Tungo "mjusi yuko Berlin", kwa umoja wake na upatanisho wa ngeli ya A-WA, humjenga mnyama mmoja, mzima, aliyehama. Kilichosafirishwa ni zaidi ya tani 200 za mifupa ya wanyama wa aina mbalimbali. Hata kiunzi maarufu cha Giraffatitan brancai, chenye kimo cha zaidi ya mita 13, kimeunganishwa kwa mifupa ya zaidi ya mnyama mmoja. Kwa hiyo, anayedai "mjusi" arudishwe amekwisha kulipunguza dai lake kisarufi kabla ya kujibiwa. Vilevile, "mjusi" hufuta watendaji. Mnyama huweza kwenda mwenyewe. Mifupa sharti ichimbwe na kubebwa, na waliofanya kazi hiyo ni mamia ya Waafrika, akiwamo msimamizi Boheti bin Amrani.

Hatupendekezi "mjusi" lifutwe, kwani limekwisha kubeba hisia za umiliki. Tunapendekeza mgawanyo wa kazi: "dinosauri" limtaje mnyama, na "visukuku vya Tendaguru" litaje kilichomo makumbushoni. Wanakamusi nao waiingize maana hii ya "mjusi" kama matumizi ya mazungumzo. Dai la wingi lisemwe kwa wingi.