Neno «void» na tafsiri zetu

Si zamani, mkatekista mmoja aliniletea karatasi ya mafundisho juu ya ndoa, iliyotolewa katika Kiingereza na kuwekwa katika Kiswahili. Humo iliandikwa kwamba Kanisa laweza kutangaza ndoa fulani kuwa «ndoa ya utupu». Watu walicheka, maana utupu ni uchi pia. Lakini mama mmoja, ambaye shauri la ndoa yake liko mbele ya mahakama ya jimbo, hakucheka. Aliuliza: «Basi watoto wangu ni watoto wa nani?»

Kosa lilianza katika neno void. Mtafsiri aliona katika kamusi «tupu», akatosheka. Neno hilo lilitoka katika Kifaransa cha zamani, nalo ni ndugu ya vide tunalolijua sote. Undugu huo ndio unaotudanganya. Mwanasheria wa Kiingereza akisema void, hasemi juu ya mtungi usio na maji. Asema: tendo hili halina nguvu, wala halikuwa nayo tangu mwanzo. Mfaransa hapo husema nul, na Kiswahili kina neno lake tayari: batili. Tena Waingereza wanayo ndoa ya namna nyingine, inayodumu kuwa ndoa mpaka hakimu aibatilishe. Kanisa halina namna hiyo. Mahakama yake hutangaza tu kwamba kifungo hakikuwapo. Kwa hiyo hata kusema «Kanisa limevunja ndoa» ni kosa, nami nimelisikia vinywani mwa mapadri, si mwa wakatekista peke yao.

Na yule mama? Kanuni 1137 imekwisha kumjibu: watoto wa ndoa iliyodhaniwa kuwa ya kweli ni watoto halali, ikiwa hata mmoja tu wa wale wawili aliifunga kwa nia njema.

Katika Biblia mambo ni mengine. Tafsiri ya Kiingereza ya 1611 inaweka void katika Mwanzo 1:2, juu ya dunia isiyo na kitu bado. Hapo «tupu» inafaa kabisa. Lakini katika Rum. 4:14 inaliweka juu ya imani iliyo bure. Chini yake mna tendo la Kigiriki kenoun, lile lile analolitumia Paulo juu ya Kristu katika Filip. 2:7. Hapo watafsiri wa 1611 waliogopa, wakaandika habari ya kukosa sifa. Ndiyo tafsiri iliyosahihishwa ya 1881 iliyothubutu kulifuata neno lenyewe. Mimi siwacheki. Tukihubiri kwamba Kristu alijifanya mtupu, mtu wa kijijini atasikia uchi, ama atadhani Umungu ulimtoka. Ningesema «alijinyima», ingawa ukali wa Kigiriki unapungua.

Utupu ule aliokataa Aristoteles nawaachia waalimu wa filosofia.

Karatasi nimeisahihisha: «ndoa batili», na chini yake mistari miwili juu ya watoto. Mkatekista ataisoma tena Dominika ijayo, na yule mama ameahidi kuja.