Kazi Iko Katika Kurudi

Asiyeijua kazi hii hudhani ugumu wake uko katika kuingia. Mrija mweusi, mnene kama kidole, wenye taa na kamera nchani, hupitishwa njia ya haja kubwa hadi mwisho wa utumbo mpana, pale utumbo mwembamba unapoishia. Ni njia ya karibu mita moja na nusu, yenye kona kali, na sehemu zake nyingine zinaning'inia tumboni bila kushikwa na kitu. Kuingia ni kugumu kweli. Lakini kolonoskopi yenyewe, yaani ule uchunguzi, hufanyika wakati wa kutoka, na hapo ndipo fundi wake anaponivutia zaidi.

Hata hivyo kuingia nako kuna ustadi. Anayesukuma tu hafiki. Upande wa chini kushoto utumbo umelegea. Ukiusukuma mrija unajikunja kitanzi, ncha inarudi nyuma badala ya kwenda mbele, na mgonjwa anaumia. Daktari aliyefunzwa vizuri hufanya kinyume: huvuta nyuma, huzungusha mrija kidogo kuelekea kulia, hufyonza hewa, na utumbo unajipanga juu ya mrija kama kiuno cha suruali kinavyojikunja juu ya lastiki fundi cherehani anapoipitisha kwa pini. Ndiyo maana sentimita 70 au 80 za mrija hutosha kufika mwisho wa njia yote ile. Mkono wa kushoto unacheza na magurudumu mawili yanayopinda ncha, wa kulia umeshika mrija. Muuguzi anakandamiza tumbo kwa kiganja akiombwa, au anamgeuza mgonjwa kutoka ubavu wa kushoto alale chali. Kwenye kona ya ini, kivuli cha buluu huonekana kupitia ukuta wa utumbo. Mwisho kabisa kuna tundu dogo la kidole tumbo, nalo hupigwa picha iwe ushahidi kwamba njia imefika kikomo.

Kisha daktari anaanza kurudi, polepole.

Anatafuta vinyama, ambavyo madaktari huviita polipu. Saratani nyingi za utumbo mpana huanzia hapo, na mara nyingi huchukua miaka 10 au zaidi kinyama kugeuka kuwa saratani. Muda huo wote mwenye nacho anakula, anafanya kazi, anacheka, haumwi popote. Vingi havigeuki kamwe, lakini kwa kuwa hakuna awezaye kusema kwa hakika kipi kitageuka, vya aina ya hatari hukatwa vyote. Uwezo wa kuvikata bila kupasua tumbo ni wa juzi tu. Mwaka 1969, katika hospitali ya Beth Israel, New York, William Wolff na mwenzake Hiromi Shinya, daktari wa upasuaji aliyetoka Japani, walipitisha kitanzi cha waya ndani ya mrija, wakakivisha kinyama shingoni na kukikata kwa umeme. Kabla ya hapo, kinyama kilichoota mbali kilidai kisu. Mwaka 1993 utafiti ulioongozwa na Sidney Winawer nchini Marekani ukaonyesha kwamba waliokatwa vinyama hivyo walipata saratani pungufu kwa asilimia 76 hadi 90 kuliko ilivyotarajiwa. Kipimo kinachoondoa ugonjwa kabla haujawa ugonjwa! Mimi sijazoea jambo hilo hata leo.

Ila kinyama hakijitokezi chenyewe. Ukuta wa utumbo una mikunjo, na kitu kinaweza kujificha nyuma ya kila mmoja. Vingine ni bapa, vimefunikwa na ute, na dalili pekee ni kwamba vijishipa vya damu vinakatika ghafla mahali ambapo vingepaswa kuendelea. Jicho lenye haraka hupita tu. Huko Rockford, Illinois, madaktari 12 walipimwa, na matokeo yakatoka mwaka 2006: waliotumia wastani wa dakika 6 au zaidi kutoka waligundua uvimbe kwa asilimia 28.3 ya waliowachunguza, waliofanya haraka asilimia 11.8. Baadaye hapohapo wakaweka saa inayolia kila baada ya dakika 2, na muda wa kutoka usipungue dakika 8. Ugunduzi ukapanda. Mikono haikubadilika, wala mashine. Kilichoongezeka ni subira. Na mwaka 2014 utafiti mwingine mkubwa wa Marekani uliona kwamba kila asilimia moja anayoongeza daktari katika kugundua vinyama hivi inakwenda na asilimia 3 pungufu ya hatari ya saratani kwa wagonjwa wake.

Mgonjwa naye ana sehemu yake katika ufundi huu. Ile dawa ya kuharisha, nusu jioni na nusu alfajiri, si adhabu. Utumbo usiosafika humpofusha fundi.

Kwetu Afrika Mashariki kipimo hiki bado hufanywa zaidi kwa aliyekwisha kuugua. Mzee anaona damu chooni, anaambiwa ni bawasiri, anapakwa dawa miezi mingi. Anapofika chumba cha kamera kinyama kimeshakuwa kitu kingine. Linaniuma jambo hilo. Marekani, tangu 2021, mtu asiye na dalili yoyote hushauriwa aanze kuchunguzwa akiwa na miaka 45, na akikutwa safi hahitaji kolonoskopi nyingine kwa miaka 10.

Mtazame basi fundi huyu akiwa kazini. Amekipata kimoja, kidogo kuliko punje ya mtama. Anafungua kitanzi, anakizungushia pamoja na ukingo mwembamba wa utando wenye afya, anakaza bila umeme, kinakatika. Kinafyonzwa hadi kwenye kichujio, muuguzi anakitia kwenye kichupa chenye dawa na kuandika jina. Daktari anaosha jeraha, anatazama damu ikome. Anashuka hadi kona ya kushoto, anasita. Kuna mkunjo mmoja nyuma yake ambao hakuuona vizuri. Anarudisha mrija ndani sentimita 10, anaupinda, anautandaza ule mkunjo, anamwagia maji. Hakuna kitu. Anaanza tena kutoka.