Mkono Utoao na Akili Iulizayo

Hisani ni jambo jema na haki ni jambo jema, lakini si jambo moja. Hisani humpa mwenye njaa chakula cha leo. Haki huuliza kwa nini anakosa chakula kila leo. Hisani hutoka katika moyo wa mtoaji, naye aweza kuizuia asishtakiwe na mtu. Haki ni mali ya mdai, na anayeizuia amedhulumu. Waislamu wanayo maneno mawili yanayokaribia kuonyesha tofauti hii: sadaka na zaka. Sadaka ni hiari. Zaka ni faradhi, nayo ni fungu la maskini lililomo ndani ya mali ya tajiri: katika fedha iliyofikia kiwango na kutimiza mwaka, ni sehemu moja katika arobaini. Atoaye zaka hajijengei jina la ufadhili, amelipa deni.

Shule zetu za sekondari ni nyepesi katika kufundisha hisani na nzito katika kufundisha haki. Katika kurasa hizi nataka kuipima desturi hiyo, nione wema wake na kasoro zake, maana desturi isiyopimwa huzeeka bila kukua.

Si uungwana kulaumu kabla ya kusifu. Shule nyingi za Kenya zina vyama vya Msalaba Mwekundu, vya Skauti, na vya dini mbalimbali. Wanafunzi hukusanya unga, sukari, sabuni na nguo, wakaenda kuzuru makao ya watoto, wazee au wagonjwa. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini mwaka wa 2019, umeyapa mafunzo ya kuhudumia jamii nafasi yake katika masomo. Hayo yote ni mema. Kijana ambaye hajapata kumtekea maji mtu mzee asiye jamaa yake amekosa somo ambalo kitabu hakiwezi kumpa. Haba na haba hujaza kibaba, na vibaba hivyo vimeokoa watu wengi.

Walakini wema huo una kasoro tatu.

Kasoro ya kwanza ni amri. Nakumbuka shule moja, ambayo sitaitaja kwa jina, ambapo ilitangazwa kwenye gwaride la asubuhi kwamba kila mwanafunzi alete shilingi 50 kwa ajili ya mayatima. Ijumaa ilipofika, majina ya wasioleta yalisomwa mbele ya wenzao. Miongoni mwao alikuwamo kijana aliyekuwa jirani yangu darasani. Yeye mwenyewe alikuwa yatima. Alilelewa na nyanya yake, ambaye aliuza mboga, na mapema mwezi ule alikuwa amerudishwa nyumbani siku nne kwa sababu ya karo. Sasa ilimpasa atafute fedha za kuwasaidia watoto waliokuwa katika hali yake. Hakulia wala hakujitetea. Jumatatu alizileta shilingi 50, nasi tukampigia makofi. Hata leo nikiyakumbuka makofi yale huona haya, kwani hakuna mmoja wetu aliyejiuliza nyanya yake alikula nini Jumapili.

Methali yetu husema kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Imetaja moyo, haikutaja orodha ya majina. Mchango wa kulazimishwa ni kodi, na kodi isiyotazama nani anacho na nani hana ni dhuluma iliyovaa kanzu ya huruma. Tena shule iliyoamuru mchango ule ilikuwa na macho ya kuona yatima wa mbali, isiwe na macho ya kumwona yule aliyeketi katika darasa lake.

Kasoro ya pili ni maonyesho. Ziara nyingi za hisani huishia katika picha. Watoto wa makao hupangwa mistari, huimbishwa nyimbo za shukrani, na wageni husimama nyuma ya mifuko ya unga wakitabasamu. Picha hubandikwa ukutani au hutiwa katika jarida la shule, na sura ya mtoto mhitaji hukaa pale miaka na miaka. Hakuulizwa kama alipenda ajulikane na dunia nzima kwa umaskini wake. Siku moja mtoto huyo atakuwa mtu mzima, huenda fundi, mwalimu au hakimu. Je, atapenda kuikuta picha ile? Dini zetu kubwa mbili, Uislamu na Ukristo, husifu sadaka ya siri na huonya juu ya sadaka ya kujionyesha. Wahenga nao walisema, tenda wema nenda zako. Sisi twatenda wema, kisha hatwendi; twasubiri kupigwa picha.

Kasoro ya tatu ndiyo kubwa: kutoa pasipo kuuliza. Tutazame makao ya watoto wanaozuriwa kila mwaka. Mwanafunzi huambiwa kuwa anakwenda kwa mayatima. Ukweli ni kwamba wengi wa watoto wa makao ya namna hiyo wana mzazi aliye hai au jamaa anayejulikana. Mara nyingi umaskini ndio uliowatoa nyumbani, si kifo. Kwa ajili ya hayo, serikali ya Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya mnamo Novemba 2017. Mwaka wa 2022 ilipatikana Sheria mpya ya Watoto, na mwaka huo huo ukatangazwa mkakati wa miaka 10 wa kuhamisha malezi kutoka katika makao hadi katika familia. Mwanafunzi anayebeba sukari kila mwaka kwenda katika makao hayo anastahili kuyajua haya. Akiyajua ataanza kuuliza: je, fedha tunazokodia basi zingaliweza kumsaidia mama mmoja abaki na mtoto wake? Swali hilo halitaharibu huruma yake, litaipa macho.

Au tutazame njaa. Mwaka wa 2011 ukame mkali uliikumba Kenya, na watu wa Turkana na wilaya nyingine za kaskazini wakataabika. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, pamoja na makampuni na vyombo vya habari, liliongoza mchango wa taifa. Wananchi walituma fedha kwa simu zao, wengine senti za mwisho, na lengo la kwanza la shilingi milioni 500 likapitwa. Ulikuwa mwaka wa fahari. Lakini kati ya 2020 na 2022 mvua zilikosekana msimu baada ya msimu, na njaa ikarudi katika nchi zile zile. Mawingu hayashtakiwi mahakamani. Lakini visima, barabara, masoko ya mifugo na ghala ni kazi za wanadamu, na wanadamu huulizwa. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Basi mwenye njaa si mwombaji tu; ni mdai. Ni wanafunzi wangapi waliotoa shilingi 20 za njaa na kuambiwa jambo hilo siku hiyo hiyo?

Ajabu ni kwamba vitabu tunavyovisoma darasani vimekwisha tuonyesha njia. Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka wa 1951, kimesomwa shuleni katika Afrika ya Mashariki kwa muda mrefu. Karama hasimami barazani kuomba msaada kwa ajili ya wajumbe sita waliotiwa gerezani. Anasimama kutaka sheria itende kazi yake, nao wanafunguliwa. Wanafunzi huyakariri majina ya wajumbe wale kwa ajili ya mtihani. Lau Karama angalipeleka sabuni na sukari gerezani akarudi nyumbani, angalitenda hisani, na wajumbe wangalibaki kifungoni wakiwa safi na wameshiba.

Yamkini msomaji atasema kuwa mwenye njaa hawezi kungoja mjadala. Ni kweli. Nyumba ikiwaka huzimwa kwanza. Lakini moto ukizimwa, mwenye akili hutafuta kaa lilikoanguka, asije akazima nyumba ile ile kila mwaka na kujiita shujaa. Mwingine atasema kuwa kuuliza habari za haki ni siasa, na siasa si kazi ya shule. Huyu na ajibiwe na Katiba yenyewe, ambayo katika kifungu cha 10 imeitaja haki ya kijamii miongoni mwa tunu za taifa. Kufundisha tunu za taifa si kuwapigia watu kampeni.

Mifano ya njia bora haikosekani. Shule ya Starehe, Nairobi, ilianzishwa mwaka wa 1959, siku za Hali ya Hatari, na Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, kwa vibanda viwili vya mabati, ili kuwapokea wavulana waliokosa makao. Ilijengwa kwa michango, lakini haikuwafundisha vijana wake kunyosha mkono tu. Wao wenyewe walizoezwa kuwatumikia wengine pasipo ujira. Aliyepokea alifanywa mtoaji, na kwa hiyo hakudhalilika. Kadhalika Tuzo ya Rais, iliyoanza nchini mwaka wa 1966 kwa vijana wa miaka 14 hadi 24, haitosheki na ziara ya siku moja. Hata katika ngazi ya shaba hudai huduma ya miezi isiyopungua mitatu. Atumikaye juma baada ya juma huwajua watu kwa majina yao, na amjuaye mtu kwa jina hawezi tena kumwona kuwa mzigo wa huruma.

Shule ifanye nini basi? Ianze na darasa lake: pawe na mfuko wa siri, mikononi mwa mwalimu mwaminifu, kwa ajili ya mwanafunzi asiye na chakula au sare. Michango iwe ya hiari, itolewe katika bahasha zisizoandikwa majina. Hesabu ya kila mchango isomwe mbele ya wote waliotoa, maana mtoto asiyezoea kudai hesabu ya shilingi 50 hatadai hesabu ya mamilioni atakapokuwa raia. Wapokeaji waulizwe wanahitaji nini kabla ya kununuliwa chochote. Mwisho, kila ziara ifuatwe na somo la saa moja lenye swali moja: kwa nini? Na jibu likipatikana, wanafunzi wamwandikie mwakilishi wao katika bunge la kaunti barua ya adabu na ya hoja.

Vijana, msiache kutoa. Nchi ambayo watu wake wameacha kutoa ni jangwa hata ikinyeshewa na mvua. Lakini mkono wako ukitoa, akili yako isilale. Mpe jirani yako mkate, kisha ukae naye, umsikilize ni nani aliyekula shamba lake. Na kabla ya kupanda basi kwenda kuwatafuta wahitaji wa mbali, mtazame aliye karibu nawe darasani.